Mvua ikianza breka ya nje inaruka: namna ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa mnaijua hii. Ikifika Novemba mvua zinaanza na hazituachii mpaka Aprili, Mei huko, na Rungwe ndo usiseme maana Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Wingu linafunga jioni, radi mbili tatu, meni switch tap, nyumba nzima giza, mtu anawasha tochi ya simu anaenda kupandisha, inadondoka, anapandisha tena, inadondoka. Kesho yake jua likiwaka inakubali vizuri tu, basi watu wanasahau mpaka mvua nyingine. Kama ni nyumba ya wapangaji wanaochangia LUKU moja ndo kesi kabisa, kila mtu anamshuku mwenzake kwamba kachomeka pasi au jiko la umeme, kumbe tatizo liko kwenye taa ya getini ambayo sio ya mtu yeyote.

Tatizo hili mara nyingi linapatikana bila kubahatisha na bila kununua breka mpya kila msimu. Kinachotakiwa ni kuangalia inadondoka SAA NGAPI ukilinganisha na mvua na radi, maana huo muda ndo unakuambia uanzie wapi. Watu wengi wanaruka hapo, wanaenda moja kwa moja kubadilisha vitu.

Kabla hujagusa chochote

Radi ikiwa inaunguruma hakuna kazi ya umeme inayofanyika, iwe ndani iwe nje. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10 na kwa umbali huo radi inakufikia bila shida, kwahiyo baki ndani, na ukisikia ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 ndo utoke. Hata kupandisha breka kunaweza kusubiri, jamani kaeni na mishumaa nusu saa. Wingu likianza kufunga ndo muda wa kuchomoa TV, friji, redio na waya wa dishi, usingoje radi ya kwanza ipige alafu ndo ukimbilie soketi.

La pili, na hili naomba lisomwe mara mbili. Ukishusha meni switch umezima umeme unaoenda kwenye nyumba, ila waya zinazoingia kwenye hiyo meni switch kutoka kwenye mita BADO ZINA MOTO. Watu wanashusha, wanafungua mfuniko, wanaingiza bisibisi wakijua wamezima kila kitu. Kufungua boksi la meni switch ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakiri za mita ya LUKU usiziguse kabisa, kuanzia nguzoni mpaka kwenye mita ni ya TANESCO, baada ya mita kuja ndani ndo yako.

Cha kwako wewe mwenye nyumba ni hivi: kushusha na kupandisha breka kwa kidole, kuchomoa vitu, kuzunguka na kukagua, na kufungua taa au soketi ya nje siku ya jua ukiwa umezima meni switch na umehakikisha kwa testa kwamba hakuna moto. Testa yenyewe ijaribu kwanza mahali penye moto uone inawaka, ndo uzime, upime unapotaka kushika. Na rangi za waya usiziamini sana, kawaida nyekundu au kahawia ni laivu (unaoleta umeme), nyeusi au bluu ni nyutro (unaourudisha), kijani chenye mstari wa njano ni ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), ila nyumba nyingi zimejengwa kwa awamu na kila fundi alikuja na waya aliyobakiza kazi ya jana.

Hatua ya 1: jua nini kimedondoka

Fungua kile kimlango cha plastiki cha boksi (kimlango tu, sio mfuniko wa skrubu). Utaona switch moja pana yenye kitufe kidogo kimeandikwa T au TEST, hiyo ndo RCD, kwa wengi ndo hiyo hiyo wanaiita meni switch. Pembeni yake kuna breka nyembamba nyembamba zimeandikwa B10, C16, C20 hivi. Hivi viwili vinafanya kazi tofauti kabisa.

RCD yenyewe haijali unatumia umeme mwingi au kidogo. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, kama havilingani maana yake kuna unaopotea, unaingia kwenye ukuta, kwenye udongo, au kwenye mwili wa mtu. Angalia maandishi yake, ya kulinda watu inakuwa 30mA au 0.03A, na kwa viwango inaruhusiwa kudondoka popote kuanzia nusu ya hapo, yaani miliampia 15. Hicho ni kiasi kidogo sana. Kwa volti 230 inatosha maji kutengeneza njia ya omu kama 15,000 kati ya laivu na ethi, na unyevu kwenye soketi chafu yenye vumbi na kinyesi cha mjusi unafika hapo kirahisi tu.

Breka nyembamba inadondoka kwa shoti kamili au kwa mzigo mkubwa. Kwahiyo mvua ikinyesha ikadondoka RCD, tafuta unyevu na uvujaji. Ikidondoka breka nyembamba, tafuta waya zilizogusana, taa iliyojaa maji, au pampu iliyokwama. Na kama imedondoka pale umeme wa TANESCO uliporudi baada ya kukatika, inaweza kuwa ni friji, pampu na mataa yote vimeanza kwa pamoja, hiyo sio habari ya mvua.

Kuna nyumba haina RCD kabisa, ina breka tu au fyuzi za zamani. Nyumba hiyo mvua ikinyesha haidondoshi kitu na mwenyewe anaona yuko salama, ila uvujaji upo vile vile na hakuna wa kuukata. Kama ni yako, weka RCD kabla hujaendelea na mengine yote.

Hatua ya 2: andika muda

Chukua karatasi au simu, kila ikidondoka andika saa, mvua ilikuwa imeanza lini, upepo ulitoka upande gani, na nini kilikuwa kinawaka. Mvua chache tu zinatosha kukuonyesha mwelekeo.

Inadondoka pale pale radi inapomulika, mvua hata haijaanza: huo ni mkurupuko, yaani umeme mwingi wa ghafla, unaoingia kupitia laini, au unaojitengeneza kwenye waya ndefu zinazoenda mabandani na getini. Radi haihitaji kupiga nyumba yako, ikipiga mbali kidogo tu inasukuma umeme kwenye kila waya mrefu uliotandazwa nje. Ikitokea mara moja moja alafu ukipandisha inakaa, sio ugonjwa. Ikitokea karibu kila radi basi nenda hatua ya 7.

Inadondoka dakika chache baada ya mvua ya upepo: kitu kilichoko ukutani upande unaopigwa na mvua, soketi ya nje, taa, kengele, switch ya geti. Uzuri wa upepo ni kwamba unakuonyesha ukuta.

Inadondoka mvua ikiwa imenyesha saa nzima au zaidi, hata kama ni manyunyu bila upepo: maji yamefika chini, yamejaza bomba la waya au boksi la jointi lililofukiwa. Na hii inaweza kuendelea kukataa mpaka siku mbili za jua zipite.

Inadondoka usiku au alfajiri bila mvua kabisa, ukungu tu: hii ni ya Njombe, Makete na Rungwe juu huko. Hewa yenye unyevu inaingia ndani ya taa, taa ikipoa matone yanajitengeneza kwenye kioo kwa ndani yanadondokea kwenye viunganishi. Maji hayajavuja kutoka nje kwahiyo hata ukiziba vipi hupati nafuu.

Inadondoka saa kumi na mbili na nusu jioni, kila siku ya mvua: angalia taa zinazojiwasha zenyewe kwa giza. Zilikuwa zimelowa toka mchana, zilipojiwasha ndo laivu ikafika kwenye maji.

Hatua ya 3: tenga sakiti

Ngurumo zimepita, nusu saa imeisha. Shusha breka zote nyembamba, pandisha RCD peke yake. Ikikaa, anza kupandisha breka moja moja, subiri kidogo kila moja, ukifika kwenye ile inayodondosha umempata. Iache chini, pandisha nyingine zote, mlale na umeme ndani, nje patakuwa giza mpaka kesho. Hapo ndo utajua umuhimu wa fundi kuandika kila breka inaenda wapi, kama hajaandika andika wewe leo.

Sasa kuna jambo linawachanganya hata mafundi. Umeshusha breka zote na RCD bado haikubali kupanda. Watu wanasema RCD imekufa. Inawezekana, ila mara nyingi sio. Hizi breka nyembamba zinakata laivu tu, nyutro zote zinabaki zimeunganishwa kule kwenye baa yake, kile kipande cha shaba zinapokutana. Kama nyutro ya taa ya nje inagusa ethi au ukuta uliolowa, RCD itadondoka hata breka ya hiyo taa ikiwa chini. Ndo maana unaweza kuzima switch ya taa, ukashusha na breka, na hali ikawa ile ile. Hapa mwite fundi atoe nyutro za sakiti moja moja kwenye baa mpaka RCD ikae, ile iliyotolewa mwisho ndo yenye shida. Akikuambia tununue RCD mpya kabla hajatoa hata nyutro moja, mwombe kwa heshima atoe kwanza.

Na kuna kesi ambayo hakuna mkosaji mmoja. Unapandisha breka moja moja zote zinakubali, ukimaliza ya mwisho inadondoka, ukibadilisha mpangilio inadondoka kwa nyingine. Hii ni michango. Friji, TV, chaja za laputopu, taa za LED, kila kimoja kwa kawaida kinavujisha kidogo kwenye ethi, nusu miliampia hapa, moja pale. Ongeza taa nne za nje zilizolowa kila moja miliampia 3 au 4, umeshafika. Hapo dawa ni kukausha na kuziba za nje zote, na kuzitenga sakiti kama nitakavyosema chini.

Hatua ya 4: chomoa, alafu zunguka siku ya jua

Kitu cha kuchomeka anza nacho sababu ni bure. Ekstensheni iliyotupwa chini ya mti, pampu ya kuvutia maji kwenye tanki, taa ya kulelea vifaranga kwenye banda, chomoa zote. Ekstensheni ya ndani haina kazi nje wakati wa masika hata kama umeifunga mfuko wa nailoni.

Huu mfuko wa nailoni niuseme kabisa. Unauona kila mahali, taa imefungwa mfuko, soketi imefungwa mfuko, jointi imefungwa mfuko na kamba ya mpira. Mfuko unazuia mvua ya juu ila unafungia mvuke ndani, na mchana wa jua alafu usiku wa baridi kama wa kwetu, ndani yake panajaa matone. Bora uuvue.

Ukizunguka, meni switch ikiwa chini na umepima, angalia haya.

Ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa plasta. Huku kwetu ndo nyumba nyingi, na matofali yale yanakunywa maji kisawasawa. Soketi iliyochimbiwa kwenye ukuta wa namna hiyo upande wa mvua inalowa kutoka nyuma, wewe unaangalia mbele unaona mfuniko mzuri tu. Fungua soketi, gusa boksi kwa ndani, angalia kutu kwenye skrubu na weupe weupe au ukijani kwenye shaba ya waya. Dawa ni kuihamishia upande mkavu au kuweka soketi ya kubandika juu ya ukuta yenye boksi lake la plastiki.

Waya anaingilia wapi. Kila taa na kila boksi la nje waya aingilie chini. Akiingilia juu au pembeni, maji yanamfuata mpaka ndani. Kama lazima atoke juu, mpitishe ashuke chini ya kiwango cha tundu kwanza, ajikunje, ndo apande kuingia, maji yatadondokea pale kwenye mkunjo.

Silikoni. Ziba juu na pembeni mbili, chini ACHA WAZI. Ukiziba pande zote umetengeneza kisima, maji yatapata pa kuingilia ila hayatapata pa kutokea. Taa nyingi za nje zina kitundu kidogo kwa chini, kimewekwa makusudi, wapaka rangi wanakiziba bila kujua. Kizibue. Dawa ya ule ukungu wa Makete ni hii hii ya kitundu, au ununue taa iliyofungwa kabisa toka kiwandani.

Gata na bati. Sikyuriti laiti nyingi zimefungwa pale pale chini ya ncha ya bati, na gata ikijaa majani ya mparachichi maji yanamwagikia kwenye taa moja kwa moja. Safisha gata kabla ya kununua taa.

Wadudu. Sisimizi wanapenda joto la boksi la umeme, konokono wadogo wanaingia kwenye soketi za chini, wanaacha ute unaopitisha umeme vizuri sana. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kifuniko chake.

Na usomaji wa IP, zile namba za kinga ya vumbi na maji, kwenye boksi unaponunua: IP44 inavumilia maji ya kurukia, inafaa chini ya kibaraza. Sehemu inayopigwa na mvua yenyewe chukua IP65 au IP66. Zile taa za kufukia chini kwenye njia ya gari ziwe IP67, sababu huko zitazama.

Hatua ya 5: chini ya ardhi

Kama karatasi yako inasema inadondoka baada ya saa nzima ya mvua, elekea hapa. Bomba la plastiki lililofukiwa linajaa maji, hilo likubali tu, hata ukiliunga vizuri. Kwahiyo waya ndo anatakiwa avumilie maji mwenyewe. Zile waya moja moja za nyumbani hazikutengenezwa kukaa kwenye maji msimu mzima, na ile twin bapa ya ndani ndo kabisa. Cha kufukia ni kebo ya amadi (ile yenye ganda la waya za chuma ndani), kina cha sentimita 50 mpaka 60, juu yake tandika matofali au utepe wa onyo.

Kwa nini kina? Kwa sababu ya jembe. Novemba hiyo hiyo mvua zinapoanza ndo watu wanalima mahindi na maharage mpaka mlangoni, jembe linapita juu ya waya uliofukiwa kiganja kimoja, linachubua ganda, haliukati. Siku hiyo hakuna kinachotokea. Wiki inayofuata mvua kubwa inanyesha, maji yanafika kwenye mchubuko, RCD chini. Mwenye nyumba analaumu radi. Kwahiyo ukiulizwa uanze kuchimba wapi, anza pale palipolimwa, au palipochimbwa shimo la nguzo ya fensi. Fuko nao wanatafuna, ukiona vichuguu vyao kwenye mstari wa kebo pachunguze.

Jointi iliyosokotwa na kufungwa tepu nyeusi alafu ikafukiwa ni suala la muda tu. Tepu sio kinga ya maji. Ipandishe juu kwenye boksi la IP66 lililofungwa kwenye nguzo, au kama haiwezekani itumike ile ya kumimina gundi inayoganda ikafunika jointi yote.

Wenye visima vyenye pampu ya kuzama: jointi ya waya wa pampu kiangazi inaning'inia juu ya maji, masika maji ya kisima yanapanda yanaifunika. Unaona sasa, inadondoka msimu wa mvua tu na inafanana kabisa na tatizo la mvua, kumbe hata siku mbili za jua hazisaidii mpaka kisima kishuke. Dalili yake ni hiyo.

Hatua ya 6: gawa nusu, pima, mwagia maji

Mita ya kawaida ya mkononi inapima omu kwa volti chache za betri yake, itakuambia waya mzima wakati sio mzima. Kipimo chake ni mega, mita ya kupima ganda la waya kwa kusukuma volti 500. Fundi akija hana mega kwa tatizo la namna hii atabahatisha tu. Kabla ya kupima, sakiti izimwe, itolewe laivu na nyutro kwenye boksi, na taa za LED, sensa na mota ya geti zitenganishwe maana volti 500 zitaziua. Apime laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, laivu kwa nyutro. Kiwango cha chini ni megaomu 1, ila waya mzima unasoma mamia. Ukiona 2 au 3 siku ya jua kali, usifurahi, huyo ndo wa kesho.

Sakiti ikiwa ndefu, tuseme nyumba mpaka banda la kuku mpaka geti, usipime kila taa. Nenda boksi la katikati, tenganisha, pima upande wa nyumba na upande wa geti. Wenye kusoma vizuri achana nao, mbovu ugawe tena nusu. Kwa kugawa mara tatu umebaki na kipande kifupi tu.

Alafu kuna jua kali na kila kitu kinasoma vizuri, shida haijionyeshi. Hapo mnatengeneza mvua. Sakiti ikiwa imetenganishwa kabisa, haina moto popote, chukua ndoo na kopo, mwagia taa moja kwa pembeni na kwa juu kama mvua inavyopiga, subiri dakika kadhaa, pima. Haijashuka, nenda inayofuata. Ukifika ambayo usomaji unaporomoka kutoka 200 kuja 0.1 hakuna tena ubishi. Inachosha lakini inamaliza maneno yote. Msijaribu hii kwa sakiti yenye moto eti muone kama RCD itadondoka, mtu kashika kopo la maji kasimama kwenye udongo uliolowa, hapana.

Hatua ya 7: ethi na mkurupuko

Nyumba zetu nyingi zinategemea nondo ya ethi iliyopigwa hapo hapo kiwanjani. Ethi mbovu haisababishi RCD kudondoka, ila ndo inayofanya geti la chuma likung'ate mvua ikinyesha. Udongo wa Tukuyu una unyevu mwingi, nondo inashika vizuri. Iringa mjini kuna mawe, nondo inagonga jiwe, fundi anaikata inabaki nusu mita, anafunika. Dai ipimwe. Kwa nyumba yenye RCD ya 30mA, ikizidi omu 200 haiaminiki tena, kiangazi udongo ukikauka itapanda zaidi. Mawe yakizuia, nondo mbili tatu zipigwe mbali mbali ziunganishwe.

Wafugaji, ng'ombe akigoma kunywa maji kwenye birika la chuma au akiruka akigusa bomba, usimpige. Ng'ombe anasikia umeme mdogo ambao wewe na gumbuti zako huusikii. Zima sakiti ya banda, aone kama atakunywa.

Kwa wale ambao kila radi inawaangushia RCD, mwombe fundi aweke saji protekta (kifaa cha kumwaga mkurupuko kwenye ethi) ndani ya boksi la meni switch iliyounganishwa kwenye ethi nzuri. Friji gadi haifanyi kazi hiyo, yenyewe inalinda friji na umeme unaopanda na kushuka. Na radi ikipiga nguzo ya karibu kabisa hakuna kifaa kitakachohimili chote, bado utachomoa vitu.

Hatua ya 8: tenga nje na ndani

Hii ndo ningependa kila mtu aifanye hata kama hana tatizo leo. Taa na soketi zote za nje ziwe na RCD yao peke yake, au ile breka yenye RCD ndani yake inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Nje pakilowa panazimika nje tu, friji inaendelea, mtoto anaendelea kusoma, na wewe unajua tatizo liko upande gani bila kupandisha na kushusha gizani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na friji moja iliyoungua.

Ambayo hayafanyiki

Usiunge dairekti kuiruka RCD. Usibadilishe ya 30mA ukaweka ya 100 au 300 ili isidondoke, hiyo itakaa vizuri huku mtu akiwa ameng'ang'ania waya. Usiunganishe nyutro na ethi kwenye soketi. Usiweke breka ya 32 kwenye waya wa taa. Ukipandisha mara moja ikadondoka, pandisha mara ya pili ukiwa umetenga sakiti, usishindane nayo.

Ukuta, bomba au bati likikupiga shoti hata kidogo, shusha meni switch saa hiyo hiyo na umeme ukae chini mpaka fundi aje, watoto wasiguse. Mtu akinaswa usimshike, zima kwanza, kama huwezi kuzima msukume na mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Mti ukiangukia laini ya nguzo waya ukaanguka chini, watu na mifugo wakae mbali mita 10 au zaidi, wapigie TANESCO, hata kama mtaa mzima hauna umeme muuhesabu ule waya kwamba una moto.

Ukishatengeneza, bonyeza kitufe cha T uone RCD inadondoka, na baada ya hapo kila mwezi. Mega ikiwa bado ipo mkononi mwa fundi mwambie asome kila sakiti ya nje kavu na ya kumwagia maji, andika namba na tarehe kwenye karatasi ubandike ndani ya kimlango cha meni switch. Oktoba ijayo kabla ya mvua mnapima tena mnalinganisha, iliyoshuka mnaifungua kabla wingu la kwanza halijafunga.